Mahudhurio ya Mechi za NBA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chini kabisa ya karatasi ya takwimu za mechi ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, baada ya pointi, ribaundi na faulo, huwa kuna namba moja ambayo wengi hawaisomi: idadi ya watazamaji. Mimi huanzia hapo. Haya ni maswali yanayojirudia kila inapozungumzwa namba hiyo. Mengine yana jibu la sentensi mbili, mengine yanadai maelezo.

Namba inayotangazwa inahesabu watu?

Inahesabu tiketi: zilizouzwa, pamoja na zilizogawiwa. Ukinunua tiketi ya msimu mzima, halafu Jumanne moja ya baridi ukaamua kubaki nyumbani, wewe umehudhuria. Tiketi aliyopewa mfanyakazi wa kampuni inayodhamini timu, akaisahau kwenye droo, nayo imehudhuria.

Chukua kiti kimoja tu ukifuatilie. Kimelipiwa mwezi Julai na mwenye tiketi ya msimu. Desemba mwenyewe ana safari, anakiweka kwenye soko la kuuziana tena mtandaoni. Bei haimvutii mtu, na hadi mwamuzi anarusha mpira juu hakijapata mnunuzi. Katika vitabu vya timu, fedha iliingia tangu Julai. Katika karatasi ya takwimu, mtu mmoja yupo. Kwenye kamera, kiti ni kitupu. Yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu mtangazaji anaweza kusoma 17,500 bila kupepesa macho huku nyuma yake safu nzima za juu zikiwa wazi. Hajadanganya. Amejibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Kwani hawajui wangapi wamepita langoni?

Wanajua vizuri sana. Kila tiketi husomwa na mashine mlangoni, na hesabu hiyo husaidia kupanga walinzi, wahudumu na vyakula. Ila ni ya ndani. Kampuni inayolipia bango pembeni mwa uwanja inapenda kusikia namba kubwa, na timu haina sababu ya kuinyima raha hiyo. Upo utetezi mmoja wenye maana: kwa kuwa timu zote zinahesabu tiketi, unaweza kuzilinganisha. Nakubali, mradi tukumbuke kwamba tunalinganisha mauzo, wala si makelele ukumbini.

Kwa msimu mzima ni wangapi?

Timu ni 30, kila moja hucheza mechi 82, nusu yake nyumbani. Jumla ni mechi 1,230 kabla ya mtoano. Msimu wa 2017-18 ndio uliovuka milioni 22 kwa mara ya kwanza. Msimu wa 2022-23 ulifika 22,234,502, wastani wa 18,077 kwa mechi, ikawa rekodi. Mwaka uliofuata rekodi hiyo ikavunjwa: 22,538,518, wastani wa 18,324, na kumbi zilijaa kwa asilimia 98 ya uwezo wake.

Hiyo asilimia 98 ndiyo ya kuitilia maanani. Ndoo iliyojaa hadi ukingoni haikuonyeshi kama bomba limefunguliwa kidogo au limefunguliwa lote. Kiu ya mashabiki ikiongezeka maradufu, namba ya mahudhurio itasogea kwa mia chache. Ikipungua kwa robo, huenda isisogee kabisa, kwa sababu wapo waliokuwa foleni wakisubiri nafasi. Kwa ligi iliyofika hapo, idadi ya watazamaji imebaki kuwa kipimo cha ukubwa wa kumbi. Mapenzi ya watu yamehamia kwenye bei.

Je, ilikuwa hivi tangu zamani?

La. NBA ilizaliwa kwa sababu ya viti vitupu. Mwaka 1946 wenye kumbi kubwa za miji ya Marekani na Canada, ambao biashara yao ilikuwa hoki ya barafu, walitafuta kitu cha kuweka ndani siku ambazo hakuna mechi. Mechi ya kwanza ilichezwa Toronto tarehe 1 Novemba 1946, Huskies dhidi ya New York Knicks, mbele ya watu 7,090. Ili kuvuta watu, ilitangazwa kwamba yeyote mrefu kuliko George Nostrand, mchezaji wa Huskies mwenye futi 6 na inchi 8, angeingia bure.

Mchezo wenyewe nao haukusaidia. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, kwa kukaa na mpira tu, pasi kwa pasi, dakika nenda dakika rudi. Hebu jifikirie umelipa kiingilio kutazama hayo. Mwaka 1954 ikaletwa saa ya sekunde 24, wazo lililosukumwa na Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mechi ina sekunde 2,880, na mechi anazozifurahia zina mitupo kama 120 kwa timu zote mbili; gawanya. Timu ikalazimika kurusha mpira kikapuni kabla sekunde hizo hazijaisha, na watu wakapata cha kutazama.

Hata hivyo safari ilikuwa ndefu. Siku Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100, tarehe 2 Machi 1962, ukumbini walikuwemo 4,124. Na hawakuwa hata Philadelphia, mji wa timu yake. Timu yake ilikuwa imeipeleka mechi hiyo ya nyumbani katika mji mdogo wa Hershey, ikisaka watazamaji. Mwaka 1980 bado ligi ilikuwa na wastani wa elfu kumi na kidogo, na mechi ya sita ya fainali, ile ambayo Magic Johnson, mgeni wa ligi, alifunga pointi 42, katika sehemu kubwa ya Marekani ilirushwa kwenye televisheni usiku sana, ikiwa imekwisha zamani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wastani ulikuwa umevuka 17,000. Mruko mkubwa wa historia ya NBA uko hapo, kati ya Magic na Michael Jordan. Nyongeza za leo, pamoja na vigelegele vyote, ni ndogo ukizilinganisha nao.

Rekodi ya mechi moja ni ipi?

Ni 68,323, tarehe 13 Januari 2023, San Antonio Spurs dhidi ya Golden State Warriors ndani ya Alamodome. Spurs walikuwa wanaadhimisha msimu wao wa 50, wakarudi kwa usiku mmoja katika ukumbi walioacha kuutumia mwaka 2002. Walichapwa 144 kwa 113. Msimu huo walimaliza na ushindi 22 na vipigo 60.

Rekodi iliyotangulia ilikuwa 62,046, Atlanta Hawks dhidi ya Chicago Bulls katika Georgia Dome, tarehe 27 Machi 1998. Watu walidhani wanamwona Jordan mjini Atlanta kwa mara ya mwisho.

Sasa tazama rekodi ya msimu mzima. Inashikiliwa na Minnesota Timberwolves, tangu 1989-90, msimu wao wa kwanza kabisa: tiketi 1,072,572, wastani wa 26,160. Walishinda ngapi? Walishinda 22, wakapoteza 60. Ndiyo, sawasawa na Spurs wale. Kilichoziunganisha timu hizi mbili dhaifu ni paa. Metrodome, walikocheza Timberwolves msimu huo, na Alamodome zote zilijengwa zikiwa na nafasi ya kuchezea futiboli ya Kimarekani, na ukimweka mtu kwenye ghorofa ya mwisho kule juu, akiwaona wachezaji kama punje za mchele, tiketi yake inahesabiwa vilevile.

(Wapo wanaotaja 108,713. Hiyo ni mechi ya nyota wote ya mwaka 2010 katika uwanja wa Dallas Cowboys, na mechi ya nyota haihesabiwi kwenye msimu.)

Kwa nini Chicago huwa juu hata ikifungwa?

Kwa sababu United Center ina viti 20,917, na hakuna ukumbi wa NBA unaouzidi. Msimu wa 2023-24 Bulls walishinda mechi 39 na kupoteza 43, na bado waliongoza ligi kwa wastani. Warriors, ambao ukumbi wao una nafasi 18,064, hawawezi kuwafikia hata wauze kila kiti na kila ngazi.

Hiyo ni nusu ya jibu. Ukumbi mkubwa usio na watu ni aibu tu, na wapo waliojionea. Chicago ni mji mkubwa wenye kumbukumbu ya mataji 6 ndani ya miaka minane. Jordan alipoondoka, timu ikashinda mechi 13 tu kati ya 50 katika msimu uliofupishwa wa 1998-99, na ule mfululizo wa tiketi kuisha ulioanza 1987 uliendelea kuburuzwa hadi mwaka 2000. Watu walikuwa wanalipia ya jana.

Mchezaji mmoja anaweza kujaza ukumbi?

Anaweza, na katika mpira wa kikapu kuliko karibu mchezo mwingine wowote wa timu, kwa kuwa wanaocheza ni watano, hawana kofia ya kuwafunika sura, na nyota hukaa uwanjani dakika 35 na zaidi.

Cleveland ni mfano safi. Msimu wa 2002-03 Cavaliers walishinda mechi 17 na walikuwa na wastani wa 11,497, wa mwisho katika ligi. Wakampata LeBron James, kijana wa miaka 18 kutoka Akron, mji wa jirani. Msimu uliofuata wastani ulipita 18,000. Timu haikuingia hata kwenye mtoano! Bulls walikuwa wakivuta watu elfu sita na kidogo kwa mechi kabla ya Jordan. Mwaka wake wa kwanza walikaribia elfu 12. Na Jordan huyohuyo, mzee wa miaka karibu 40, alipocheza misimu miwili ya mwisho na Washington Wizards, mechi zote 82 za nyumbani zilimaliza tiketi. Wizards walishinda 37 na kupoteza 45 mara zote mbili.

Kuna jambo la ugenini ambalo husahaulika. Katika NBA mapato ya mlangoni hubaki karibu yote kwa mwenyeji, mgeni hagawiwi. Kwa hiyo nyota anapotembelea mji mwingine na kuujaza, faida ni ya wale anaokwenda kuwafunga. Wachumi wawili, Jerry Hausman na Gregory Leonard, walikadiria kwamba msimu wa 1991-92 Jordan aliziingizia timu nyingine dola kama milioni 53. Malipo ya mlangoni ni sehemu tu ya fedha hizo; zimo pia za televisheni na za bidhaa. Bado, ukiwa mmiliki wa timu pinzani, huyo ni adui wa kumwombea afya njema.

Timu ikifungwa sana, watu hukimbia?

Hukimbia, ila kwa kuchelewa. Tiketi za msimu hununuliwa kabla ya mechi ya kwanza, kwa hiyo msimu mbaya huliwa na walioamini mapema, na pigo lenyewe huonekana mwaka wa pili, wakati wa kulipia upya. Ukiona timu mbovu yenye mahudhurio mazuri, usikimbilie kusifu uaminifu wa mashabiki. Subiri mwaka.

Philadelphia 76ers walifika chini makusudi, wakipoteza ili wapate nafasi nzuri za kuchagua vijana. Msimu wa 2015-16 walishinda mechi 10 tu na wastani wao ukawa chini ya 15,000. Miaka mitatu baadaye, wakiwa na Joel Embiid na Ben Simmons, walikuwa na zaidi ya 20,000 na waliongoza ligi. Mji uleule, ukumbi uleule. Mwaka 2019 ligi ilipunguza faida ya kushika mkia: timu tatu za mwisho zikapewa nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja kupata chaguo la kwanza.

Mashabiki wanaweza kuifukuza timu mjini?

Wanaweza kuisusa mpaka ikaondoka, na kisa cha Charlotte ndicho ninachokirudia kila mara, kwa kuwa kinavuruga nadharia zote rahisi.

Charlotte Hornets waliingia ligi mwaka 1988 katika ukumbi mpya wenye nafasi zaidi ya 23,000. Wengi waliona ni wazimu: mji wa wastani tu, ukumbi mkubwa kuliko wote. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi 20 na kuongoza ligi kwa mahudhurio, wastani wa 23,172. Iliongoza mara nane kwa jumla. Mechi 364 mfululizo zilimaliza tiketi. Sare zao za rangi ya samawati ya kijani zilivaliwa na watu ambao hawajawahi kufika jimbo la North Carolina.

Halafu mapenzi yakaoza. Wachezaji waliopendwa wakauzwa, mmiliki akagombana na mji, akadai ukumbi mwingine. Ule uliokuwa fahari mwaka 1988 ulikuwa umezeeka kwa sababu moja: haukuwa na vyumba vya kifahari vya kutosha vya kuuzia kampuni. Viti elfu ishirini na tatu, na havikutosha kwa kuwa vilikuwa viti vya watu wa kawaida! Mwaka 2001 wapigakura wakakataa mpango wa kujenga mpya. Msimu wa 2001-02 Hornets walikuwa timu nzuri, walifika raundi ya pili ya mtoano, na katika mahudhurio walishika mkia wa ligi nzima. Timu ikahamia New Orleans. Charlotte ilipata timu nyingine mwaka 2004, na jina la Hornets likarudi mwaka 2014. Ukumbi wa zamani ulibomolewa mwaka 2007, haujatimiza hata miaka 20.

Kwa hiyo ukisikia kwamba ushindi ndio huleta watu, taja Charlotte ya 1988 na Charlotte ya 2002. Ya kwanza ilifungwa na ikajaa. Ya pili ilishinda na ikasuswa.

Na kinyume chake: watu wanaweza kuivuta timu?

Oklahoma City. Kimbunga Katrina kilipoiharibu New Orleans mwaka 2005, Hornets haohao walihamishiwa huko kwa misimu miwili. Kumbi zilijaa kwa timu ya kuazima. Mwaka 2008 Seattle SuperSonics walihamia mji huo na kuitwa Thunder, jambo ambalo Seattle hawajalisamehe.

Mbona kumbi mpya ni ndogo kuliko za zamani?

Kwa sababu kiti cha juu kabisa ni ghali kukijenga na rahisi kukiuza kwa hasara. Warriors walitoka Oakland, nafasi 19,596, wakaingia Chase Center San Francisco mwaka 2019, nafasi 18,064. Pistons, siku hizi wa Detroit, waliacha ukumbi wa watu elfu 22 mwaka 2017 wakaenda kwenye wa watu elfu 20. Viti vilivyoondolewa vilibadilishwa kuwa vyumba, baa na kumbi ndogo za wanachama. Kwenye takwimu, timu inaonekana kupoteza watazamaji 1,500 kwa mechi, ilhali pato linapanda.

Na uhaba wenyewe ni bidhaa. Ukijua ukumbi hujaa, unanunua mapema na hubishi bei. Ukijua viti vipo, unasubiri saa ya mwisho.

Clippers wa Los Angeles wamejaribu njia yao. Intuit Dome, uliofunguliwa mwaka 2024, una ukuta mmoja wa safu 51 za viti visivyokatizwa na vyumba vya kifahari, nyuma ya kikapu, kwa ajili ya mashabiki wa kupiga kelele. Mmiliki wao Steve Ballmer alijivunia pia vyoo, zaidi ya 1,100, ili mtu asikose nusu ya robo ya tatu akiwa kwenye foleni. Watu walicheka. Mimi naona ameelewa mahudhurio kuliko wengi: aliyeko chooni naye ni kiti kitupu.

Mfululizo mrefu wa tiketi kuisha ni wa nani?

Portland Trail Blazers walimaliza tiketi mara 814 mfululizo, 1977 hadi 1995, katika ukumbi wa watu wasiofika 13,000. Dallas Mavericks walianza wa kwao Desemba 2001 na wamewapita. Ila rudi kwenye swali la kwanza: "zimeisha" ni neno la timu yenyewe, na kila timu ina namna yake ya kulitafsiri.

Siku gani watu hujaa zaidi?

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu na Jumanne ni ngumu. Novemba ni hafifu kwa sababu futiboli ya Kimarekani imeshika nchi; Machi ni nono. Timu huuza kwa bei tofauti kulingana na siku na mgeni, kwa hiyo Jumanne dhidi ya timu ya mkiani unaweza kuingia kwa bei ya kutupa.

Nyota akipumzishwa, narudishiwa fedha?

Hurudishiwi. Umenunua mechi, hukununua mtu. Lakini ligi inajua kwamba umenunua mtu, na mvutano wote uko hapo.

Novemba 2012 kocha Gregg Popovich wa Spurs aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginóbili na Danny Green kabla ya mechi ya Miami iliyokuwa ionyeshwe nchi nzima. Ligi ikawatoza Spurs faini ya dola 250,000. Kichekesho ni kwamba mechi yenyewe ilikuwa kali, Miami wakapona kwa 105-100. Tangu msimu wa 2023-24 kuna kanuni rasmi: timu haitakiwi kuwapumzisha nyota wawili wazima katika mechi moja, na mchezaji asipofikisha mechi 65 hapewi tuzo kubwa kama ya mchezaji bora. Kwa familia iliyosafiri na watoto kumwona mtu mmoja, kanuni hii ina uzito kuliko rekodi yoyote ya mahudhurio. Tiketi yao, kwa vyovyote, ilishahesabiwa.

Janga la korona liliacha alama gani?

Ligi ilisimama tarehe 11 Machi 2020, baada ya Rudy Gobert wa Utah kupatikana na virusi. Ilirudi Julai 30 katika eneo la Disney karibu na Orlando, bila watazamaji, nyuso za mashabiki zikionekana kwenye skrini kubwa kandokando ya uwanja. Lakers, siku hizi wa Los Angeles, walitwaa taji Oktoba 11. Kamishna Adam Silver alisema mambo yanayotegemea watu kuwepo ukumbini huleta kama asilimia 40 ya mapato ya ligi. Msimu uliofuata ulikatwa hadi mechi 72. Kumbi nyingi zilianza tupu, zikajazwa taratibu, na Toronto Raptors walicheza mechi za nyumbani Tampa, nchi nyingine kabisa.

Jambo moja la kisayansi lilijitokeza bila mtu kulipanga. Kabla ya hapo wenyeji walikuwa wakishinda karibu mechi 59 katika 100. Msimu wa 2020-21, kumbi zikiwa kimya, walishinda kama 54. Makelele yana pointi zake. Ila kuna uchovu wa safari, ratiba iliyobanwa na mengine pia, kwa hiyo sitasema tofauti yote ni ya mashabiki.

Ukiona jedwali linaloonyesha mahudhurio "yameporomoka" mwaka huo, aliyelitengeneza hakufikiri. Hayo hayakuwa maamuzi ya mashabiki.

Televisheni haiui mahudhurio?

Hofu hiyo ni ya zamani kama televisheni yenyewe, na namba haziiungi mkono. Mkataba wa matangazo ulioanza msimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 na unakaribia dola bilioni 76, na kumbi bado zimejaa. Kinachobadilika ni nguvu ya mnunua tiketi. Timu inayolipwa kiasi hicho na televisheni inaweza kustahimili Jumanne tupu. Zamani Jumanne tupu ilikuwa mshahara wa mtu.

Na WNBA?

Huko, kwenye ligi ya wanawake, ndiko mahudhurio bado yanasema kitu, kwa kuwa dari liko mbali. Mwaka 2023 Indiana Fever walikuwa na wastani wa elfu nne hivi. Wakampata Caitlin Clark, na mwaka 2024 wakawa na 17,036. Ligi nzima ilipanda kwa karibu nusu, hadi watu milioni 2.35. Timu wenyeji zilihamisha mechi za Fever kwenye kumbi kubwa: Washington Mystics, ambao nyumbani kwao ni nafasi 4,200, waliwapokea kwenye ukumbi wa Wizards, na tarehe 19 Septemba 2024 wakapata watu 20,711, rekodi ya msimu wa kawaida wakati huo.

Hapa napo soma kwa makini. Mechi ikihamishwa kutoka viti elfu nne hadi elfu ishirini, wastani wa mwenyeji unaruka bila yeye kupata shabiki mmoja wa kudumu. Tazama mechi ambazo Clark hayupo. Golden State Valkyries ni dalili nzuri zaidi kwangu: timu mpya ya 2025, haina Clark, na ilimaliza tiketi za Chase Center kila mechi ya nyumbani.

Mechi za Paris na Mexico City huhesabiwa kwa nani?

Kwa timu iliyopangwa kuwa mwenyeji, ingawa iko ng'ambo. Ndiyo maana wakati mwingine utaona timu ina mechi 40 tu ukumbini kwake. Ukigawanya kwa 41 utapata wastani wa uongo.

Nikitaka kujua kama timu inapanda au inashuka, nitazame nini?

Usianze na wastani. Anza na uwezo wa ukumbi, upate asilimia. Ikiwa ni 97 kwenda juu, achana na mahudhurio kabisa, nenda kwenye soko la kuuziana tena saa mbili kabla ya mechi. Tiketi ya juu kabisa ikiuzwa chini ya bei ya timu, wenye tiketi za msimu wanajaribu kujitoa. Ikiuzwa juu, wapo walioachwa nje. Fanya hivyo kwa mechi ya kawaida, katikati ya wiki, mgeni asiye na nyota. Lakers wakija kila mtu ni shabiki. Kisha angalia kama timu inatangaza orodha ya wanaosubiri tiketi za msimu au inatangaza punguzo. Timu hazitoi punguzo kwa mapenzi.

Swali la mwisho: kwa nini viti vya chini, vya bei mbaya, huwa vitupu robo ya tatu ikianza?

Wenyewe wapo. Chini ya viti hivyo kuna ukumbi wa wanachama, chakula kimeshalipiwa ndani ya tiketi, na mapumziko ni dakika 15 tu. Watarudi robo ikiwa imebaki dakika saba au nane. Watu wa juu hawajainuka.